Ngazi za mwangaza wa skrini kwenye Linux: uandike jedwali, umwachie draiva, au mkunjo uuweke juu?

Ukishaunganisha skrini ya LCD kwenye bodi yako na taa ya nyuma ikawaka, unabaki uamuzi mmoja ambao wengi huupitia haraka mno: ngazi za mwangaza. Mistari miwili mitatu inanakiliwa kutoka faili la bodi nyingine, skrini inawaka, kazi inasonga mbele. Malalamiko huja baadaye, kifaa kikiwa tayari mikononi mwa watu. Usiku skrini inaumiza macho hata ikishushwa mpaka mwisho. Kitelezi kinasogezwa hadi nusu na mwangaza hauonekani kubadilika. Baada ya sasisho, skrini inaamka ikiwa karibu giza tupu na mteja anaamini imekufa.

Nawaandikia walio mbele ya faili la mti wa vifaa (device tree, faili linaloieleza kerneli vifaa vilivyomo kwenye bodi), wanaotumia draiva ya `pwm-backlight` ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, na wamekwama kati ya njia nne. Zote nne zinafanya kazi. Kila moja ina mahali inapokaa vizuri na mahali inapoleta taabu.

## Namba hizi zinafanya nini

Draiva hii huendesha taa kwa mawimbi ya PWM, yaani kwa kuiwasha na kuizima haraka haraka. Kwenye mstari wa `pwms`, urefu wa mzunguko mmoja hutajwa kwa nanosekunde: 5000000 ni mizunguko 200 kwa sekunde, 50000 ni mizunguko 20,000. Ndani ya kila mzunguko, kadiri muda wa kuwaka unavyokuwa mrefu ndivyo mwanga unavyozidi.

Programu za juu, yaani zile zinazoendeshwa juu ya kerneli, kama ya kitelezi, hazijui lolote kuhusu muda huo. Zinaona saraka moja chini ya `/sys/class/backlight`, na ndani yake mna `brightness` na `max_brightness`. Programu ikiandika 5 kwenye `brightness`, draiva inakwenda kwenye jedwali lake, inachukua thamani iliyo nafasi ya 5, inaigawa kwa thamani kubwa kuliko zote, na jibu ndilo sehemu ya muda wa kuwaka. Nafasi zinahesabiwa kuanzia 0, na ikiandikwa 0 draiva huizima taa kabisa. Kumbuka pia kwamba `default-brightness-level` ni nafasi ndani ya jedwali, wala haihusiani na thamani iliyoandikwa hapo. Jedwali lenye thamani nane halina nafasi ya 128, hata kama 128 ni mojawapo ya thamani zake.

Jicho nalo halipokei mwanga kwa mstari mnyoofu. Hesabu iliyomo ndani ya kerneli yenyewe, ambayo kwenye msimbo wake imepewa jina la CIE 1931 (CIE ni shirika la kimataifa la viwango vya mwanga), inatoa majibu haya: skrini ionekane kuwa na nusu ya mwangaza, taa itoe asilimia 18.4 tu ya mwanga wake. Robo ya mwangaza kwa jicho ni asilimia 4.4. Robo tatu ni asilimia 48.3. Ukichora uhusiano huo unapata mstari uliopinda, na huo ndio ninaouita mkunjo. Sehemu kubwa ya tofauti ambazo mtu anaziona zimebanana kwenye asilimia chache za chini, na huko ndiko majedwali mengi yanakoharibika.

## Vigezo

Nitazipima njia zote kwa mambo manne. Kwanza ni jicho: je, kila hatua inaonekana sawa na iliyotangulia? Pili ni mwisho wa chini: ngazi ya kwanza baada ya kuzima inatoa mwanga kiasi gani, na paneli yako inauweza? Paneli nyingi zina kiwango cha chini cha PWM kilichotajwa kwenye karatasi ya mtengenezaji, na chini ya hapo taa hupepesa au haiwaki. Tatu ni programu za juu: zinaona namba ngapi, na namba hizo zitabaki zilezile kesho? Nne ni matunzo: paneli ikibadilishwa, au mzunguko wa PWM ukibadilishwa, unarekebisha mangapi?

Kumbukumbu ya kifaa sikuiweka kuwa kigezo. Jedwali la ngazi 4096 linakula kilobaiti 16, na kwa bodi inayoendesha Linux hilo si jambo la kukufanya uchague.

## Njia ya 1: jedwali fupi la mkono

```
brightness-levels = <0 4 8 16 32 64 128 255>;
default-brightness-level = <6>;
```

Mfano huu umo kwenye maelezo rasmi ya kerneli, na ndio unaonakiliwa kuliko yote. Una ngazi nane, kwa hiyo `max_brightness` ni 7.

Jicho. Watu huamini kwamba kuzidisha mara mbili kila hatua kunalingana na jicho. Tufanye hesabu. Kwa kipimo cha CIE kinachokwenda 0 hadi 100, thamani hizo zinaangukia takriban 0, 13, 21, 30, 42, 57, 76 na 100. Hatua ya kutoka nafasi ya 1 kwenda ya 2 haifiki 8, na ile ya mwisho ni karibu 24, mara tatu yake. Kwa hiyo mtumiaji anayebonyeza kitufe ataona mabadiliko madogo chini, kisha mruko mkubwa anapokaribia juu. Kwa kitufe hilo linavumilika. Kwa kitelezi, au kwa skrini inayofifia taratibu kabla ya kulala, ngazi nane zinaonekana kama ngazi: skrini inaruka.

Mwisho wa chini. Nafasi ya 1 ni 4 kwa 255, yaani asilimia 1.6. Kwa paneli ya kawaida ya niti 500 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini) hizo ni kama niti 8. Kwa paneli ya niti 1000, aina inayochaguliwa kwa mashine ya kukatia tiketi inayosomwa juani saa sita mchana, ni niti 16, na kondakta wa safari ya usiku atalalamika. Uzuri wa njia hii ni kwamba unaweza kuandika thamani yoyote unayoitaka pale nafasi ya 1. Paneli ikidai asilimia 3, unaandika 8 badala ya 4, na shida imekwisha.

Programu za juu. Hakuna njia iliyo wazi zaidi ya hii. Namba 0 hadi 7, kila moja na maana yake, na hazitabadilika mpaka wewe mwenyewe ubadilishe faili. Programu ya mashine ya malipo yenye vitufe viwili, cha kuongeza na cha kupunguza, haihitaji chochote zaidi.

Matunzo. Paneli mpya, unapima upya thamani saba. Mzunguko wa PWM ukibadilika, jedwali halijali, kwa sababu thamani zake ni uwiano tu.

Inamfaa nani. Vifaa vya vitufe, vyenye hatua chache, ambavyo mtu wa usaidizi kwenye simu anatakiwa aweze kumwambia mteja "iweke kwenye nne".

## Njia ya 2: jedwali fupi lenye ngazi za kati

Zamani aliyetaka mabadiliko laini aliandika namba zote kwa mkono, 0 hadi 255, mistari thelathini ya tarakimu. Mafaili ya bodi nyingi zenye chipu za Rockchip yalijaa orodha hizo. Mwaka 2018 draiva iliongezewa `num-interpolated-steps`: wewe unaandika pointi chache, draiva inajaza zilizo katikati kwa mstari mnyoofu.

```
brightness-levels = <0 2048 4096 8192 16384 65535>;
num-interpolated-steps = <2048>;
default-brightness-level = <4096>;
```

Pointi sita zina nafasi tano kati yake, kila nafasi ina hatua 2048, jumla ngazi 10,241. Hapa usidanganywe na ile 4096 ya mwisho. Ni nafasi kwenye jedwali lililokwisha kujazwa, na imetokea tu kwamba nafasi hiyo inaangukia kwenye thamani ya 4096, ambayo ni asilimia 6.25 ya muda wa kuwaka. Ukibadilisha idadi ya hatua bila kugusa `default-brightness-level`, kifaa kitawaka kikiwa na mwangaza mwingine kabisa.

Jicho. Unapata umbo lolote unalotaka. Ukichagua pointi zako kwa kufuata CIE, mistari minyoofu kati yake inakaribia mkunjo wa kweli kiasi kwamba mtu hatambui. Ukichagua vibaya, kosa lako linakuwa laini, lakini linabaki kosa. Mfano wa hapo juu unaruka kutoka robo hadi ukamilifu kwenye kipande kimoja cha mwisho.

Mwisho wa chini. Kwa maoni yangu, sababu kubwa ya kuchagua njia hii ipo hapa. Tazama kompyuta za mkononi za Chromebook za familia ya veyron, zenye chipu ya RK3288 ya Rockchip. Bodi ya jaq ina paneli inayotaka PWM isishuke chini ya asilimia 3, na faili lake linasema:

```
brightness-levels = <8 255>;
num-interpolated-steps = <247>;
```

Bodi ya minnie, ambayo paneli yake inataka asilimia 1, ina `<3 255>` na hatua 252. Mstari mmoja tu, na ngazi zote za programu zimekuwa ngazi hai. Nafasi ya 0 bado inazima taa, kwa sababu draiva inaangalia nafasi kabla ya kutazama thamani iliyomo. Nafasi ya 1 inaanza juu kidogo ya kiwango cha chini cha paneli. Hakuna sehemu ya kitelezi iliyokufa.

Mifano hiyo miwili ni ya mstari mnyoofu. Kama unataka kiwango cha chini cha asilimia 3 pamoja na umbo linalofuata jicho, jedwali hili nimelihesabu kutoka kanuni ya CIE, likianzia asilimia 3 na kugawanya kilichobaki hatua sita sawa kwa jicho:

```
brightness-levels = <300 770 1580 2810 4570 6930 10000>;
num-interpolated-steps = <16>;
default-brightness-level = <48>;
```

Lina ngazi 97. Nafasi ya 48 ni 2810, yaani asilimia 28 ya muda wa kuwaka, na kwa macho ni katikati ya safari kutoka chini hadi juu.

Programu za juu. Idadi ya ngazi iko mikononi mwako, lakini namba zenyewe hazina maana kwa binadamu. Nani anajua nafasi ya 3711 kati ya 10,240 inaonekanaje? Programu zitafanya kazi kwa asilimia, na hapo ni sawa.

Matunzo. Ni kazi kidogo zaidi ya njia ya 1 mwanzoni, kisha raha. Paneli ikibadilishwa unagusa pointi ya kwanza, pengine na ya pili.

Inamfaa nani. Anayejua paneli yake, mwenye karatasi ya mtengenezaji mkononi, na anayetengeneza bidhaa itakayokaa sokoni miaka.

## Njia ya 3: usiandike jedwali, draiva ihesabu

Ukiacha kabisa `brightness-levels`, draiva haikatai. Tangu mwaka huohuo wa 2018 inatengeneza jedwali lake yenyewe kwa kanuni ya CIE.

Jicho. Hakuna njia rahisi ya kupata hatua sawa kuliko hii. Nusu ya kitelezi inaonekana nusu. Skrini inayofifia inafifia sawasawa. Hukufanya hesabu yoyote na umepata jibu ambalo wengi huhangaika kulifikia.

Mwisho wa chini. Uzuri huo unasimama kwenye sharti moja: paneli yako iweze kushuka kabisa. Draiva haina habari na kiwango cha chini cha paneli, wala hakuna mahali kwenye mti wa vifaa pa kumwambia ukiwa umechagua njia hii. Paneli ikitaka asilimia 1, sehemu ya kitelezi isiyo na maana ni asilimia 9 hivi. Ikitaka asilimia 3, imekufa asilimia 20 nzima. Moja ya tano ya kitelezi! Mtumiaji akiifikisha skrini hapo inapepesa au inazima, na hakuna programu ya juu itakayojua kwamba kuna jambo.

Programu za juu. Idadi ya ngazi inatokana na urefu wa mzunguko wa PWM. Katika kerneli za sasa, mzunguko wa nanosekunde 5000000 unatoa ngazi 4096, ambazo ndizo ukomo. Mzunguko wa 50000 unatoa 3125. Kwa maneno mengine, mhandisi wa umeme akipandisha masafa ya PWM ili kuondoa kupepesa, `max_brightness` inabadilika bila mtu kugusa kitu kingine. Hesabu hiyo yenyewe iliwahi kurekebishwa baada ya toleo lake la kwanza, kwa hiyo hata kubadilisha kerneli ya zamani kunaweza kukubadilishia namba. Programu inayosoma `max_brightness` kila inapoanza haitaathirika. Iliyoandikiwa namba ndani yake itaathirika.

Matunzo. Hakuna cha kutunza, mpaka siku paneli inapobadilishwa na mpya ikawa haishuki kama ya zamani.

Inamfaa nani. Mfano wa kwanza wa bidhaa, bodi za kujifunzia, bodi zinazouzwa bila skrini ambazo mnunuzi ataunganisha paneli asiyoijua mwandishi wa faili, na paneli zozote ulizozipima ukaona zinashuka bila kusumbua.

## Njia ya 4: draiva iwe mstari mnyoofu, mkunjo uwe juu

```
brightness-levels = <0 1000>;
num-interpolated-steps = <1000>;
default-brightness-level = <250>;
```

Draiva inabaki kuwa chombo cha kupitisha: ngazi 250 ni robo ya muda wa kuwaka, basi. Anayeamua jinsi kitelezi kinavyohisi ni programu ya juu.

Jicho. Peke yake ni mbaya. Asilimia 10 za kwanza za kitelezi zinakula 38 kati ya zile 100 za jicho, na asilimia 10 za mwisho zinaongeza 4 tu. Lakini njia hii haikukusudiwa kuachwa peke yake. Android, kuanzia toleo la 9 la mwaka 2018, ina mkunjo wake kwenye kitelezi. Kwenye kompyuta za mezani za Linux, programu ya `brightnessctl` ina chaguo la `-e` linalofanya asilimia zifuate mkunjo.

Mwisho wa chini. Anzia thamani isiyo sifuri, kama veyron wanavyofanya, na paneli italindwa hata programu ya juu ikikosea. Ulinzi wa paneli uweke kwenye draiva daima. Programu hubadilishwa, hufutwa, huandikwa upya na mtu ambaye hajawahi kuiona karatasi ya paneli.

Programu za juu. Kwa kifaa chenye kihisi cha mwanga, hii ndiyo njia inayotoa namba zenye maana ya kimaumbile. Mwanga unaotoka unakaribiana na uwiano wa ngazi, kwa hiyo ukipima niti kwenye pointi chache unaweza kukokotoa nyingine. Kufanya hivyo juu ya jedwali lenye mkunjo inabidi uufungue mkunjo kwanza.

Matunzo. Mzigo umehamia kwenye programu, na programu zote zinazogusa mwangaza lazima zikubaliane. Programu ya kitelezi yenye mkunjo na hati (script) ya kupunguza mwangaza usiku inayoandika moja kwa moja kwenye `brightness` bila mkunjo zitavutana.

Inamfaa nani. Timu inayomiliki programu yote ya juu, hasa Android na vifaa vinavyojirekebisha kwa mwanga wa mahali.

## Mkunjo mara mbili

Hili linaua bidhaa nyingi kuliko uchaguzi wa njia yenyewe. Tuseme draiva ina mkunjo wa CIE, na programu ya juu nayo ina mkunjo wa CIE. Kitelezi kikiwa katikati, programu inaandika asilimia 18.4 ya `max_brightness`. Draiva inapokea 18.4, inaipitisha kwenye mkunjo wake, na taa inatoa asilimia 2.6. Mtumiaji ameweka nusu, anapata mwanga wa chumba cha kulala. Zaidi ya nusu ya mwangaza unaoonekana imesukumwa kwenye robo ya juu ya kitelezi.

Kerneli ina njia ya kukuambia. Soma faili la `scale` ndani ya saraka ya taa:

```
cat /sys/class/backlight/*/scale
```

Jibu ni `linear`, `non-linear` au `unknown`. Draiva ya `pwm-backlight` hulikagua jedwali lake na kujaza jibu yenyewe. Programu ya juu ikikuta `non-linear`, isiweke mkunjo wake. Kuna na mahali pa tatu pa kuangalia: baadhi ya chipu za kuendeshea taa zina mkunjo ndani yake. LM3630A ya Texas Instruments, kwa mfano, hutumia mkunjo wa ndani mpaka uandike `ti,linear-mapping-mode` kwenye faili. Hiyo ina draiva yake na si `pwm-backlight`, lakini swali ni lilelile: mkunjo ni wa nani?

## Masafa ya PWM yanavyoingilia

Kabla hujakata shauri, jua mzunguko wako. Mizunguko 200 kwa sekunde inapepesa, na macho ya baadhi ya watu hayaivumilii. Mwongozo wa 1789 wa IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, wa mwaka 2015 unaweka mstari wa hatari ndogo kwenye Hz 1250 kwa taa inayozimika kabisa kila mzunguko, na mstari wa kutokuwa na athari kwenye Hz 3000. Ukipandisha hadi Hz 20,000 unaondoka pia kwenye eneo ambalo koili na kapasita husikika zikivuma.

Gharama yake ni wembamba wa hatua. Chukua kidhibiti cha PWM chenye saa ya MHz 24. Kwa Hz 200 kina vipande 120,000 ndani ya mzunguko mmoja. Kwa Hz 20,000 kina 1200 tu, na kipande kimoja ni asilimia 0.083. Njia ya 3 itakupa ngazi 3125 juu ya vipande 1200, kwa hiyo ngazi nyingi za chini zitaangukia kipande kimoja na kitelezi kitaonekana kimeganda. Hapo jedwali la ngazi mia moja lililopangwa vizuri ni bora kuliko elfu tatu za hewa. Isitoshe, chipu nyingi za kuendeshea LED za taa zina urefu mdogo kabisa wa mpigo zinaoutambua, na kwa masafa ya juu asilimia ileile inakuwa mpigo mfupi zaidi. Kiwango cha chini ulichopima kwa Hz 200 hakikufai kwa Hz 20,000. Pima tena, chumba kikiwa giza, ukipanda nafasi moja moja kutoka 1, huku ukitazama muda halisi wa kuwaka kwenye `/sys/kernel/debug/pwm`.

## Uchague vipi kulingana na hali yako

Kifaa kina vitufe na hatua zisizozidi kumi: njia ya 1, lakini usinakili jedwali la kuzidisha mara mbili. Panga thamani zako kwa CIE, na nafasi ya 1 iwe kiwango cha chini ulichokipima kwenye paneli hiyo.

Kuna kitelezi, Linux ya kawaida juu yake, na paneli moja unayoijua: njia ya 2. Ukiwa na haraka wiki hii na paneli inashuka bila shida, anza na ya 3, kisha uhamie ya 2 kabla ya kuuza kifaa cha kwanza.

Paneli zinatoka kwa wauzaji wawili au watatu, kama inavyotokea kiwandani bei zikibadilika: njia ya 2, kila paneli na faili lake, lakini hakikisha idadi ya ngazi inafanana kwenye mafaili yote. Mabadiliko yabaki kwenye thamani, ili programu za juu zisione tofauti.

Unajenga Android, au una kihisi cha mwanga: njia ya 4, ukianzia thamani inayolinda paneli.

Bodi ya wanafunzi, au ya majaribio, ambayo skrini itabadilishwabadilishwa: njia ya 3 inatosha.

Kifaa kiko tayari sokoni na jedwali lake ni baya: hapa ndipo pa kwenda taratibu. Huduma ya `systemd-backlight` huhifadhi mwangaza wakati wa kuzima, ndani ya `/var/lib/systemd/backlight`, na huurudisha kifaa kikiwaka. Inahifadhi namba tupu. Mteja aliyekuwa kwenye nafasi ya 5 kati ya 7 alikuwa na asilimia 25 ya mwanga. Ukimsasishia kwenda lile jedwali la ngazi 97, ataamka kwenye nafasi ya 5 kati ya 96, asilimia 4.5, na mchana nje skrini itaonekana imezima. Kinga ya huduma hiyo, ambayo huzuia kurudi chini ya ngazi 1 au asilimia 5 ya `max_brightness`, iliyo kubwa kati ya hizo, haimsaidii hapa, kwa sababu 5 inapita kizuizi. Kwa hiyo andika ubadilishaji ndani ya sasisho lenyewe: soma namba iliyohifadhiwa, itafute kwenye jedwali la zamani upate asilimia yake, kisha iandike upya kama nafasi iliyo karibu nayo kwenye jedwali jipya. Kwa mfano huu, 5 inakuwa 44. Lifanyike mara moja tu, kabla `systemd-backlight` haijaanza kwenye kuwaka kwa kwanza baada ya sasisho.